Viti vya Seremala wa Mafinga

Baraka, mume wangu mdogo,

Kamwene. Hapa Mlandege hatujambo. Babu yako anapalilia mahindi huku akiigombeza baridi. Nimefurahi umejitolea huko Mbeya kwenye chama cha kuwatembelea wagonjwa majumbani. Umeniuliza, mtu asiyetarajiwa kupona unamwambia nini?

Nilipokuwa msichana kule Mafinga, akina mama wa kanisani walinichukua kumwona seremala aliyekuwa mgonjwa sana. Tulivua viatu, tukakaa chini mkekani, khanga mabegani. Akatutazama kutoka kitandani.

"Mbona mmekaa kama mko msibani? Viti vile nimevitengeneza mwenyewe, na mimi bado nipo."

Tuliona aibu, mjukuu wangu! Tukanyanyuka, tukakalia viti vyake. Akaniuliza kama changu kinacheza. Nikasema kinacheza kidogo. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanielekeza namna ya kukikaza mguu. Tukapiga soga za mbao mpaka chai ikapoa.

Alifariki baada ya wiki chache. Siku hiyo ndipo tulipokaa chini.

Kwa hiyo maneno yasikusumbue. Ukifika kwa mgonjwa wako, vuta kiti.

Bibi yako