Nilivyoosha Pikapu ya Babu Yako

Mjukuu wangu Kamau,

Sisi huku Nyeri tuko wazima, baridi tu. Ng'ombe amezaa. Lakini tangu niskie umegongwa huko Mombasa, chakula hakishuki.

Unauliza kama ukubali bima itengeneze gari au udai ingine. Pikapu ya babu yako iligongwa Karatina nikiwa nimeolewa juzi tu. Kusikia mkaguzi wa bima anakuja nyumbani, niliona aibu mgeni akute matope. Nikaiosha yote, babu yako akanyoosha bampa kwa nyundo, ikang'aa. Mkaguzi alisifu chai yangu, akaandika itengenezwe. Chesi, ile fremu inayobeba gari, ilikuwa imepinda chini na hakuiona. Tangu hapo ile gari ilikuwa inavuta kushoto, na kila babu yako akichelewa, nilisimama langoni nikisikiliza barabara.

Kwa hivyo usiguse kitu. Mkaguzi aone yote, hata chini, ndipo uamue.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika bampa, taa, mlango. Juu yako mwenyewe umeandika uko sawa, basi. Hapo na wewe umeosha gari kabla sijafika, Kamau. Niambie unaumwa wapi.

Cucu wako