Debe la Kuita Nyani

6 Oktoba 2024

Dada Wakio,

Pokea salamu zangu kutoka huku Ghuba, kwenye joto lisilo na huruma. Mimi ni mzima, ila mgongo na macho, maana kutwa nachomelea vyuma. Mama anaendeleaje na magoti yake? Anakula? Nakuandikia barua hii kwenye simu badala ya kupiga kwa sababu sauti ya huko kwetu Makwasinyi inakatakata, na haya sitaki uyasikie nusu.

Unajua jinsi jirani yetu Morris alivyotia sumu kwenye ndizi akaziweka mpakani aue nyani, asimwambie mtu hata mmoja. Baba akiwa zamu ya kulinda mahindi akaziona, akala. Mimi sikupewa ruhusa ya kuja kumzika. Wazee wakakaa, Morris akatoa mbuzi, mambo yakafungwa. Labda ningemwachia Mungu. Lakini lile neno alilolitoa matangani, “Mzee alikula chakula cha nyani,” na watu wakaficha vicheko kwenye viganja, hilo sikumwachia mtu.

Sasa sikiliza. Huku tunajenga nyumba mpya za nyani kwenye bustani ya wanyama ya jiji. Zina vyumba vya kulala, kamba za kubembea, hata miamba ya saruji. Nyani wana feni, sisi hatuna. Mlishaji wao ni Mnepali. Akipiga sufuria, wote wanaacha michezo na kukimbilia ndani, kwa sababu wamefundishwa kwamba mlio ule ni chakula. Dada, niliweka chini mashine nikacheka peke yangu. Kwetu tunapiga debe kuwafukuza. Huku wanapiga kuwaita. Mnyama ni yule yule.

Umeona ninakoelekea? Mama asijue.

Kaka yako,
Mwandawiro


13 Oktoba 2024

Kaka Mwandawiro,

Sisi tuko, tunashukuru. Mama anakula, magoti ni yale yale, anakusalimia na kuuliza kama huko kuna kanisa.

Nilikuelewa kabla hujamaliza. Wewe uko mbali, unalikumbuka neno la matangani tu. Mimi nakutana naye kila siku bombani. Juzi nimebeba mtungi, akapita na baiskeli akasema, “Wakio, mchunge mama naye, asije akaokota vya porini.” Wenzake wakacheka. Nikamwambia, “Pita, Morris, barabara ni ya serikali.”

Niambie namna ya kufanya. Usinifiche hatua hata moja.

Dada yako,
Wakio


15 Oktoba 2024

Dada Wakio,

Habari za tangu juzi? Mimi salama. Nimemdodosa Mnepali kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, naye anapenda kueleza.

Anza sasa, kabla mvua haijaleta mahindi, wakiwa bado wana njaa. Nenda pale kwenye jiwe kubwa juu ya shamba la Morris. Chukua ndizi zilizolainika, zile wauzaji wa soko la Voi wanazitupa. Siku za kwanza ziweke uondoke. Wakizoea, gonga debe kwa kidole tu, kama mtu anayebisha hodi, kisha uweke. Ongeza sauti polepole. Ukiwaharakisha watakimbia na hawatakuamini tena. Mwisho piga kama unavyopiga shambani, kwa nguvu zako zote, na chakula kiwepo kila mara. Usiwadanganye hata siku moja.

Mahindi ya Morris yakianza kushika punje, acha kwenda. Yeye mwenyewe atawapigia.

Kaka yako,
Mwandawiro


19 Januari 2025

Kaka,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshachakaa. Tuko wazima. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nikuandikie likiwa limekamilika.

Miezi hii yote nimepanda kwenye lile jiwe. Unajua watu walisema nini? Walinisifu! “Wakio ana bidii, analinda hata kabla ya kupanda.” Peris, yule mjane wa chini yetu, aliniletea maziwa kwa kunihurumia. Nami nikapiga debe, nyani wakashuka, mmoja akawa ananikaribia mpaka naona kope zake.

Jumanne mahindi ya Morris yalikuwa ya kuchoma. Kundi likatokea juu. Morris akatoka na debe lake, akapiga. Wale waliokuwa bado mlimani nao wakaja mbio! Akapiga zaidi, wakazidi. Wengine walikaa kwenye mstari wakimtazama, kama watoto wa nasari wanaongoja uji. Akawa anapiga kelele, “Tokeni, mashetani! Tokeni!” Nyani mmoja akamnyooshea mkono. Nilijiziba mdomo kwa leso nisisikike.

Alipiga mpaka debe likatoboka. Kufikia jioni shamba lilikuwa mabua matupu. Nilipita njiani makusudi, nikamwambia, “Pole, Morris. Naona nyani wamekula chakula cha watu.”

Kaka, nililala kama mtoto.

Dada yako,
Wakio


20 Januari 2025

Dada,

Nimeisoma mara nyingi hata wenzangu wakaniuliza kama nimeoa. Hujambo, mama hajambo, hiyo inatosha. Leo nimechomelea lango la nyumba ya nyani huku naimba. Niandikie tena hiyo ya kwenye mstari, usiache kitu.

Kaka yako,
Mwandawiro


9 Februari 2025

Kaka Mwandawiro,

Salamu. Mama anakohoa kidogo, mimi ni mzima wa mwili.

Kuna jambo hatukulifikiria, wewe wala mimi. Tulimtazama Morris tu tukasahau kwamba mlima mzima unapiga debe. Peris alisikia nyani wanakuja, akafanya alivyofundishwa na mama yake: akapiga. Walimshukia kama wageni wa harusi. Wakaja na kwetu. Mimi nikajua nisipige, lakini mama alikuwa shambani peke yake, naye hajui lolote. Alipiga, akapiga, huku anamwita Yesu. Nilimkuta amekaa chini na debe mapajani, wao wanamenya mahindi mbele yake.

Sasa hakuna anayepiga. Watu wanarusha mawe, na wanawake wazee hawana mikono ya mawe. Peris ana watoto wanne, na gunia alilotegemea limeisha kabla halijajaa.

Jana Morris alikuja hapa. Alivua kofia mlangoni. Akasema, “Wakio, nasikia kaka yako anajenga nyumba za nyani huko ng’ambo. Hebu muulize, wenzetu wanawafukuzaje? Si kwa ajili yangu. Mimi sina tena cha kulinda.”

Nimwambie nini?

Dada yako,
Wakio


10 Februari 2025

Dada,

Mpe mama tangawizi. Peris nimemhurumia, nakwambia kweli, lakini usilegee sasa. Huyu mtu hajawahi kutuhitaji mpaka leo.

Mwambie kaka anajua dawa. Ila kwanza asimame kanisani mbele ya watu wale wale, aseme alitega sumu bila kusema, na alirudishe lile neno lake. Akishafanya hivyo, nitamwambia.

Kaka yako,
Mwandawiro


16 Februari 2025

Kaka,

Amefanya. Leo, baada ya matangazo, aliomba nafasi. Alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Alisema, “Niliweka sumu nikanyamaza. Mzee aliponifia, niliogopa, nikafanya mzaha ili watu wacheke wasiniulize. Mzee alikula ndizi akiwa analinda chakula cha watoto wake. Hakula cha nyani. Nalirudisha neno.” Kisha akaja akapiga magoti mbele ya mama. Mama alimshika kichwa muda mrefu.

Nilidhani nitafurahi kama siku ile ya mstari.

Nje watu walinizunguka, Peris mbele. “Basi kaka yako atuambie.” Wanangoja, Mwandawiro. Lete hiyo dawa haraka.

Dada yako,
Wakio


17 Februari 2025

Dada Wakio,

Sijui nianze vipi hata salamu.

Sikuwa na dawa. Nilitaka asimame, basi. Nilidhani itakuwapo tu, kwamba kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya. Leo nimemuuliza Mnepali. Akasema ukipiga mara nyingi bila kuwapa chakula wataacha kuja. Nikafurahi. Kisha akaniuliza, “Mnapigia wapi?” Nikamwambia, shambani. Akanitazama. “Basi kila wakija watakikuta chakula pale pale,” akasema. “Na watoto wao watajifunza kwa mama zao.”

Sina lingine. Lakini alilirudisha neno, dada. Hilo hatumrudishii.

Kaka yako,
Mwandawiro


22 Februari 2025

Kaka Mwandawiro,

Sisi tunaendelea.

Nilimsomea mama barua zote, za kwangu na za kwako, kuanzia ile ya kwanza. Kisha akanituma nikamwite Morris na Peris, akanilazimisha nizisome tena mbele yao. Peris aliondoka katikati. Morris alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, “Mlinipata,” akachukua kofia yake. Sikusikia hasira ndani yake. Ningependa ningesikia.

Kesho kijiji kinakutana hapa kwetu. Mwaka jana kwenye kikao cha wazee tulikaa upande wa waliokosewa, Morris akakaa upande ule mwingine, peke yake na mbuzi wake. Kesho upande ule ni wetu.

Mama amekwisha kupanga viti. Vya upande wetu ameviweka vitatu. Nikamwambia, mama, tuko wawili. Akasema cha tatu ni chako. Hukuja kumzika baba, na kesho hutakuwepo, lakini kiti kitakaa pale watu wakitazame.

Dada yako,
Wakio