Wapime Wenyewe

Ngalula mjukuu wangu,

Hapa Kolwezi tuko wazima, dada yako amezaa mtoto wa kike. Unauliza nywele zako zitafika mgongoni lini. Mama yangu naye aliwahi kupiga hesabu hiyo.

Nilipokuwa mtoto, wenyeji walitufukuza Musonoi, mtaa wetu hapa Kolwezi, eti sisi wageni. Tukingoja treni stesheni kwa miezi, nywele zangu zimefungwa uzi mweusi, jirani akasema, "Mama, mukate mutoto nywele, itajaa chawa!"

Mama akapima kwa kidole toka ngozini hadi uzi ulipoanzia. "Yote hii imeota hapa hapa. Ikifika mu mugongo, tutakuwa tumerudia ku Musonoi."

Alikosea. Zilifika mgongoni tungali ugenini. Sikuzikata! Niliporudi nilipita Musonoi mbele ya waliotufukuza, kichwa wazi, kitambaa mkononi. Wapime wenyewe.

Nkambo wako