Jiwe la Tatu Ndani ya Gunia

Eldoret,
Jumapili alasiri

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Natumaini goti lako limepunguza kukusumbua na kwamba Mama ameacha kukohoa. Mimi ni mzima, isipokuwa hii baridi ya huku, ambayo hata saa nane mchana inataka mtu avae sweta mbili. Nanjala, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Baba barua hii. Msomee yote, usiruke mahali, hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu.

Baba, ni mwaka wa pili sasa tangu uliponiambia kwamba mwanamume wa boma lako hashiki mwiko wa watu, na kama nataka kupika nipike, lakini chakula changu hutakila. Nilikuja huku kumpikia huyu Mjapani, injinia wa barabara, nawe ukabaki na bucha yako hapo sokoni bila mwana wa kukushikia ng'ombe. Nalijua hilo. Linaniuma hata ninapocheka na watu.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Injinia ana kisu kimoja alichokuja nacho kutoka kwao, kirefu, chembamba, cha kukatia samaki. Kilikuwa cha mama yake. Upande mmoja kimelala bapa kabisa, upande wa pili ndio ulionolewa. Mimi, kwa kujifanya najua, nilikiona kimeanza kuwa butu, nikakipeleka kwa yule fundi anayenoa visu kwa gurudumu la baiskeli karibu na stendi. Alikinoa pande zote mbili, cheche zikiruka, akanirudishia akitabasamu. Nilimshukuru, Baba. Nilitembea hadi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Injinia alipokishika akate samaki, kisu kilienda mrama kikaichana nyama. Alikigeuza, akaona. Hakunigombeza. Alikaa tu kwenye kigoda cha jikoni, kisu kikiwa mapajani, mpaka maji ya chai yakakaukia kwenye sufuria. Heri angenipiga. Baadaye alinieleza kwamba kisu kinaweza kupona, lakini kwa mkono, na kwa mawe ya kulowekwa majini, kwanza lenye kukwaruza kidogo, kisha lililo laini. Yake aliyotoka nayo kwao yalivunjika wakati wa kuhama. Tulizunguka maduka yote ya hadiwea ya mji huu. Mawe ya panga tu. Aliyapitishia kidole moja moja, akashukuru wenye duka, tukatoka mikono mitupu.

Ndipo nikamwandikia Nanjala, si wewe, maana niliogopa. Nilimwomba aniokotee mawe mawili pale mtoni, yale ya kijivu. Sikujua kama atakuambia.

Wiki mbili zilizopita Makokha, jirani yetu wa lori la mahindi, alipita huku akitokea nyumbani kupitia Turbo, akaniachia gunia. Hakukuwa na barua ndani. Kulikuwa na mawe matatu, kila moja limefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Hapo hapo nikajua si Nanjala aliyechagua. Nanjala angeleta mazuri ya kutazama. Haya yalikuwa yamepimwa vile unavyopima wewe, kwa kumwagia maji kidogo na kutazama jiwe linavyoyanywa. Linalokunywa upesi ni la panga, linalokunywa pole pole ni la kisu. Injinia aliyatia kwenye karai la maji, akainama akiyatazama yakitoa mapovu madogo madogo. Kisha akaniuliza, "Nani alichagua haya?"

Nikamwambia ni baba yangu.

"Baba yako ni mpishi?"

Nisamehe, Mzee wangu, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia hapana, ni mchinjaji, na siku mkikutana asije akakuuliza swali hilo uso kwa uso.

Tangu hapo kila alasiri, mvua ikinyesha juu ya mabati, nasimama kwenye sinki nikinoa. Navuta ule upande wenye makali, ule bapa naugusisha tu. Tope jepesi la kijivu linatoka kwenye jiwe, na harufu yake ni ya mto wetu baada ya mafuriko. Mikono inaenda na kurudi yenyewe, mimi sipo. Nakuona umesimama majini, umekunja suruali, unageuza mawe moja moja bila haraka, nami niko ukingoni nimekushikia viatu. Maji yanapita. Wakati mwingine Injinia huniita mara tatu kabla sijasikia, na nikigeuka sijui mara moja niko wapi. Lakini kisu kinapona, Baba. Kimebaki kidogo tu.

Nisalimie Mama, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo navaa ya ndani, karibu na mwili. Nanjala, salamu kwako na kwa wanafunzi wako, wayamalize hayo maziwa ya Nyayo wanayogawiwa shuleni, wasiwape paka. Msalimie pia mjomba, mzee wa kanisa, na shangazi wa ng'ambo ya mto ambaye bado anasema mimi ni mwembamba.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini sijasema la jiwe la tatu.

Mawili ni mapya, ya kuokotwa. La tatu lina bonde katikati, bonde la miaka mingi, na kona yake moja imemeguka. Linanuka mafuta ya ng'ombe hata baada ya kulowekwa. Injinia alisema jiwe lenye bonde halifai kwa kisu hiki, tulisugue kwa jiwe jingine mpaka liwe sawa. Nikamwambia hilo halisuguliwi. Aliniangalia, kisha akanirudishia. Nimeliweka dirishani juu ya kitambaa, na kila nikipita naweka kiganja changu pale palipobonyea.

Baba, najua bucha yako ina jiwe moja tu. Kama liliingia kwenye gunia kwa makosa, niambie, nilirudishe na Makokha. Kama halikuingia kwa makosa, niambie pia. Na uniambie wewe sasa unanolea nini.

Mimi mwanao,
Wafula