Kofia ya Matanga

Baba Furaha wangu,

Godoro la wageni lilikaa limesimama nyuma ya mlango tangu tukuzike. Leo limelala chini, na nataka nikuambie mwenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kufua mashuka kule hotelini, unaingia hapa kwetu ughaibuni, Langley Park, mikono inanuka klorini, halafu unanianzishia somo? Ule ualimu wa Kifaransa wa Bukavu haukukutoka. Na mimi nimetoka kuosha wagonjwa, miguu imevimba. "Mama Furaha, mimi hoteli, wewe hospitali, na neno ni moja!" Nami Mluhya wako nikakujibu, "Na hilo neno litasonga ugali?"

Ukacheka, ukaendelea. Zamani kwa Kilatini ilikuwa hospitale, nyumba ya kupokea msafiri. Waitaliano wakasema ospedale. Wajerumani wakalikata kichwa, wakabaki na Spital. Wafaransa wakatoa mawili, hôpital na hôtel; ile s wakaimeza, na o wakaivika kofia. "Kofia ya matanga," ulisema, "kwa sababu s imekufa."

Mimi shule sikufika mbali, lakini hilo nililielewa, maana uliliishi. Kila aliyeshuka ndege bila mtu alilala kwa godoro letu. Sheria yako ilikuwa moja: asiulizwe kilichomleta mpaka aoge na ale.

Halafu ukalazwa. Nililia juu ya kitanda chako, na wewe mgonjwa ndiye ukanibembeleza. "Usiogope hii nyumba. Watu walikuwa wanakuja kupumzika tu, asubuhi wanaendelea na safari."

Asubuhi ukaendelea.

Jana mama mchungaji alipiga simu. Kuna dada wa Goma na kichanga chake, hawana pa kulala. Nikasema siwezi. Niliogopa kufungua mlango nione si wewe unayemkaribisha. Kugeuka, Furaha anaburuta godoro kwenye zulia, ananiuliza kwa kile Kiingereza chake, nani anakuja? Nikampigia mama mchungaji tena, nikamwambia waje.

Sasa naandika, kichanga amelala hapa karibu na mguu wangu. Mamake anaoga. Sombe, yale majani ya muhogo ya kwenu, inachemka. Bado sijamuuliza kitu.

Pumzika, msafiri wangu. Machozi hayajaisha. Ila naamini huko ulikofika walikufungulia, wakakupa maji, kabla ya kukuuliza chochote.

Mkeo,
Mama Furaha