Kaburi Lako Kwenye Slaidi

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira. Ungekuwepo ungeniambia, "Tabitha, kunywa maji kwanza." Nimekunywa. Haijashuka.

Wiki iliyopita tuliitwa mkutano wa mtaa kwenye ukumbi wa kanisa. Kuna barabara mpya inakuja, na imepangwa kupita kwetu. Hilo tulishalisikia, ila tulidhani tunakwenda kuulizwa. Akaja kijana mmoja wa mradi, viatu vinang'aa, na projekta yake. Wazee aliwaamkia vizuri tu, sikatai. Kisha akawasha.

Ilikuwa ramani ya mtaa wetu, Mama. Kila nyumba kimraba cha njano. Niliiona yetu pale kwenye kona, na nyuma yake kimsalaba kidogo cheusi. Nikajua ni wewe. Nikamgusa jirani yetu Mzee Chibago, aliyekaa pembeni yangu, nikamnong'oneza, "Pale ndipo alipo Mama."

Kijana akasema, "Sasa tuone hali baada ya mradi." Akabofya.

Kazi yangu unaijua. Pale dukani kwangu, kwenye steshenari, ndipo ninapowafundisha wanafunzi wa chuo kuweka animesheni kwenye slaidi: maandishi yaingie yakiteleza, picha ififie, mshale ujichore. Ulikuwa unakaa kwenye benchi na bakuli lako la karanga, unatazama, unacheka. "Hii herufi ina haraka gani? Ipunguze mwendo, wengine tunasoma kwa shida." Kwa hiyo nilijua alichofanya. Alizichagua nyumba zote, akazipa ile ya kuruka nje ya ukurasa, akaweka na mlio. Fyuu. Nyumba ya Mzee Chibago, fyuu. Yetu, fyuu. Zinarukaruka kama panzi. Makaburi akayaacha ya mwisho, yakazunguka kwanza kama pia, ndipo yakaruka. Ulizunguka, Mama. Halafu barabara ikateleza kutoka kushoto, laini, na vigari juu yake, na mlio wa makofi. Makofi!

Kuna mtu aliketi mahali akachagua hilo. Si kwamba kidole kilimteleza. Ili kaburi lizunguke lazima ulibofye, ufungue madoido, uchague moja, ujaribu, uone kama limependeza. Alijaribu akaona umependeza.

Nilisimama. "Rudisha."

"Dada, maswali ni mwisho."

Nikasema rudisha, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuijua. Mwenyekiti wa mtaa akaniambia nikae, nisimwaibishe mgeni. Kijana akatabasamu. "Ni animesheni tu, dada. Ni kunogesha."

Kunogesha! Nikamwambia mama yangu si chumvi. Nimemzika pale, na ardhi ya pale ni ngumu, vijana walishinda na sururu mpaka viganja vikachubuka. Nililia mbele za watu, Mama, na kulia kukanizidishia hasira.

Kijana akairudisha slaidi nyuma, nyumba zikatokea tena. Mzee Chibago, ambaye sijawahi kumsikia akinyanyua sauti, akasimama. "Ziache hapo hapo. Na wewe toka, twende ukazione."

Tukatoka wote. Jua la saa nane, upepo na vumbi lile unalolijua, tukamtembeza nyumba hadi nyumba. Kwenye kila mlango mwenye nyumba alijitaja jina, akataja na waliozaliwa humo. Hakuna aliyemtukana. Alipofika kwako viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Alisimama, hajui mikono aiweke wapi, akasema, "Pole, dada."

Sikuitikia. Mpaka leo sijaitikia, na usinijie ndotoni kuniambia nimsamehe.

Usidhani tumeshinda. Barabara itapita. Nyumba itabomolewa, na jiko lako ulilokuwa unasongea ugali wa uwele nalo litakwenda. Walichokubali watu wa mradi ni kwamba hakuna kaburi litakaloguswa mpaka familia iwepo, kila moja kwa siku yake, na mchungaji wake. Nimekaa na wajomba, tumeamua utakwenda kwenu Haneti, ukalale karibu na bibi.

Na wewe pia nimekukasirikia. Wajomba walitaka wakupeleke Haneti tangu mwanzo. Wewe ndiye uliyesema, hospitalini, "Nizikeni pale pale, Tabitha asihangaike na safari." Nikafurahi. Kila asubuhi nilikuwa nafungua dirisha la nyuma nakusalimia. Sasa nitafungua dirisha gani?

Siku hiyo nitakuwa wa kwanza kufika. Udongo ukishaondolewa, nitashuka mimi mwenyewe kukutoa. Wajomba wamesema hiyo si kazi ya mwanamke. Nimewaambia waje wanizuie.

Lala kidogo tena hapo nyumbani, Mama. Nakuja kukuchukua.

Mwanao,
Tabitha