Kabanga, Yule Mchimbaji ni Wangu

Kabanga, pacha wangu uliye mbali,

Sikuulizi habari za baridi ya huko Ulaya. Habari zako ninazo. Ninazipanguza kwa kitambaa kila asubuhi, kabla wageni hawajaingia.

Hilo hukulijua, kwa sababu kwenye simu sijawahi kukuambia. Tangu msimu wa mvua uliopita nafanya usafi kwenye Nyumba ya Sanaa. Ni ile karakana kubwa ya Kampuni ya madini hapa Dilala, ambamo Tata, baba yetu, alichomelea mabomba mpaka macho yakamchoka. Kampuni ilipowaacha wafanyakazi wake iliachwa na yenyewe, mashine zikaenda kuwa chuma chakavu, popo wakahamia. Sasa kuta zimepakwa chokaa. Winchi ya juu wameiacha palepale, na chini yake vijana wanafanya mazoezi ya tamthilia, wanapiga ngoma, watoto wa shule wanachora sakafuni. Langoni kina mama wanauza bukari, ugali wetu, na dagaa wakavu wa ndakala, na pikipiki za teksi zimejipanga kusubiri abiria. Huwezi kuamini ni mtaa uleule uliokuwa umelala. Ningefurahi kama wenzangu, lakini ukuta wa katikati ulibandikwa jina lako mara kumi na moja.

Ndiyo, mabamba yetu ya shaba. Tata alipofariki yalikuwa chini ya kitanda chake, yamefungwa kwenye mablanketi. Mimi ndiye niliyeyabeba hadi pale, mimi ndiye niliyeyasugua kwa ndimu na majivu mpaka yakang'aa. Madame Josefine, mkurugenzi, alipoona vitone viwili pembeni mwa kila bamba alipiga kelele: alama ya Kabanga! Aliwahi kuiona kwenye picha za kazi zako za huko. Siku ileile akaagiza vibao vya majina. Na siku ileile akaniuliza kama ninatafuta kazi. La kazi nikaliitikia, la mabamba nikalimeza.

Unakumbuka jinsi vitone vile vilivyoanza? Sisi ni mapacha, na kwetu watu wa Kasai pacha hapewi kitu peke yake. Magauni mawili, viatu jozi mbili, mapaja mawili ya kuku, hata kama jirani alikuwa na kuku mmoja wa mguu mbovu. Tata alipoleta vipande vya shaba vilivyobaki kazini alileta viwili, na nyundo mbili, na akajaza mifuko miwili ya mchanga ya kulazia shaba tunapoifua. Tulipomaliza mabamba ya kwanza tulimkimbilia atuambie la nani zuri zaidi. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Nikisema ya Mbuyi njo muzuri, Kabanga atagonjwa. Nikisema ya Kabanga, Mbuyi atagonjwa," alisema. "Mutatia alama moja, basi."

Kitone kimoja chako, kimoja changu. Mama alipiga makofi, wewe ukacheza. Mimi niliona raha, lakini si sana, kwa sababu nilijua la kwangu lilikuwa zuri zaidi. Nadhani na wewe ulijua la kwako lilikuwa zuri zaidi. Tata, Mungu amrehemu, alidhani ameumaliza wivu. Aliuficha tu usione jua.

Wageni wanampenda mmoja kuliko wote, Mchimbaji. Ni yule mwanaume mwenye kofia, uso mzima ila tundu kwenye shavu la kushoto. Juzi walikuja watu wa Lubumbashi, wamevaa vizuri, wakasimama mbele yake muda mrefu wa kuchosha. Mmoja akasema, "Angalia hii tundu. Njo maumivu ya batu ya Katanga." Mwenzake akafuta macho. Nilikuwa nyuma yao na ufagio wangu, nikatamani kucheka, nikatamani kulia, nikafagia.

Maana wewe unajua tundu lile ni la nini. Ilikuwa siku ya Jumamosi, uani. Wewe ulikuwa umeshamaliza bamba lako, umelipaka nyeusi na kulisugua, umeliegemeza ukutani ili kila apitaye alione. Mimi nilikuwa bado kwenye shavu. Shaba ilishakuwa ngumu chini ya nyundo, nikajua inataka kurudishwa kwenye makala, kwenye makaa ya moto, iive nyekundu tena, ilainike. Lakini nilikutazama ulivyosimama na mikono kiunoni, nikaona gere, sikurudisha kitu motoni. Nikapiga. Nikapiga tena. Shavu likapasuka.

"Yaya," ulisema, kama mdogo anayemwita dada yake mkubwa, "mutu wako ameoza jino."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sasa watu wanalia mbele ya lile jino lako bovu, na kibao chini yake kinasema Kabanga. Wivu wangu mwenyewe, Kabanga, wamekupa wewe usifiwe nao!

Ngoja niseme na la safari. Yule mwalimu mgeni alipokuja nyumbani na barua ya mwaliko wa Ulaya, wa mtu mmoja tu, Tata alikataa kuchagua. Aliondoka akaenda kukaa kwa jirani siku nzima. Tukabaki wawili mezani na ile karatasi. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, nikajifanya mkubwa. "Enda we," nilikuambia, "mi nitakuya nyuma." Nilisema nikisubiri ukatae. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kukubembeleza. Wewe ukasema, "Aksanti, yaya," ukaenda kutafuta sanduku.

Sikukulaumu, au nilisema sikukulaumu. Lakini nilisikiliza yale mahojiano yako ya redio ambayo binamu zetu walirushiana kwenye simu. Uliulizwa nani alikufundisha. Ukasema Tata. Ukasema mlikuwa wawili uani, wewe na Tata. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, nikidhani mtandao umekata kipande. Haukukata. Roho iliniuma, na bado inaniuma, na sitasema vinginevyo kwa sababu ya adabu.

Basi wiki iliyopita Madame Josefine aliniita. Wanafungua darasa la kufua shaba kwa mabinti wa hapa Dilala, wale ambao kazi yao imebaki kuosha mawe ya madini mtoni. "Unipatie namba ya mudogo wako," alisema. "Tunamutaka arudie kwabo afundishe. Mwalimu wa kufua mukuba njo yeye, hakuna mwengine."

Nikamwambia nitampa. Nikatoka nje, nikarudi. Sijui miguu iliniletaje. Niliwasha makala kwenye lile jiko lao jipya ambalo hakuna aliyeligusa, nikachukua kipande cha bamba, nikakipasha, nikakitia majini, nikakilaza kwenye mchanga kifudifudi. Miaka mingi, Kabanga, lakini mkono haukuuliza njia. Nilitoa sikio, nikatoa pua, nikatoa mdomo wa mtu aliyekasirika. Nilipoinua kichwa Madame alikuwa amesimama hapo, mkoba umemshuka begani.

"Kumbe unajuaka!" alisema. "Na hizi siku yote ulikuwaka wapi?"

"Nilikuwa hapa, Madame. Nilikuwa napanguza."

Hapo nikasema yote. Alama ya Tata, mifuko miwili ya mchanga, shavu lililopasuka. Nikasema Mchimbaji ni wangu. Alinisikiliza, na aliniamini, niliona ameniamini. Kisha akanishika mkono akanipeleka mbele ya ukuta.

"Mu hii yote, gani njo ya kwako?"

Nilimwonyesha Mchimbaji. Nilimwonyesha Treni ya Dilolo, na yale mengine matatu ambayo wewe na mimi tunayajua. Ningeishia hapo. Lakini kidole kilikuwa bado juu, na mbele yangu alikuwa Mama wa Ndakala.

Unajua nilivyo na bamba lile. Mama amekaa na beseni la samaki wakavu, ameangalia pembeni, na shingo yake imechoka kweli, shingo ya shaba. Ulilifua ukiwa na miaka kumi na saba. Nilijaribu kuiga shingo ile mara tatu kwa siri, na mara tatu nilipata bomba la maji. Sikuwahi kukuambia kwamba ni zuri. Wakati wote ule, hata neno moja.

"Na ile pia," nilimwambia Madame.

Nimekuibia, Kabanga. Sikuteleza ulimi. Kidole changu kilikwenda, nikakiona kinakwenda, nikakiacha. Madame alinikumbatia. Vibao vipya vinatengenezwa; cha kwanza kimeshaletwa, kina jina langu, nacho ni cha Mama, na darasa linaanza Jumatatu nami nikiwa mwalimu. Mabinti kumi na wawili wamejiandikisha. Nimepewa ufunguo wa karakana alimofanyia kazi Tata, na kila ninapopita mbele ya Mama naangalia pembeni kuliko yeye.

Nikisema ukweli kuhusu lile, nani ataniamini kuhusu Mchimbaji? Watasema msafishaji amechanganyikiwa kwa wivu, na watakuwa wamekosea nusu tu. Darasa litaniponyoka. Kazi hii naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, hata kuliko ile barua ya mwaliko mezani.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na ni mara ya kwanza nakuomba. Mwandikie Madame, umwambie Mchimbaji ni wa nani, na umwambie uani tulikuwa watatu. Hilo ni lako kulisema, mimi siwezi kujishuhudia. La Mama wa Ndakala nitalisema mwenyewe.

Na wivu bado ninao, usidhani nimeutubu. Ukitaka kurudi Kolwezi, rudi ule bukari kwangu, ulale kitandani kwangu, lakini usiombe darasa langu. Shingo ile, hata hivyo, hakuna mtu Katanga hii anayeweza kuifua. Nilipaswa kukuambia ulipokuwa na miaka kumi na saba.

Barua hii nimeinakili mara mbili. Moja nimekutumia kwa binamu. Nyingine nimeibandika ukutani leo asubuhi, chini ya Mama, juu ya kibao chenye jina langu. Kabla hujaisoma, Madame atakuwa ameisoma.

Ni mimi, uliyemtangulia kila mahali isipokuwa kuzaliwa,

Yaya Mbuyi